Bibi Asiyejua Kizulu

Ukitaka kuingia kwenye mtaa mmoja wenye ukuta kule Midrand, hapa Joburg, Afrika Kusini, ambao nyumba zake zinafanana kama mayai kwenye trei, utakutana kwanza na mpwa wangu Mayasa. Atakuuliza wewe ni nani, unakwenda kwa nani, na je, huyo unayemwendea anajua kwamba unakuja? Usipomjibu yote, geti halifunguki. Hata mimi, mjomba wake niliyezaliwa tumbo moja na mama yake, mtu ninayejulikana Yeoville nzima kuanzia sokoni mpaka kwenye robot ya mwisho, yaani taa za barabarani, alinisimamisha siku niliyompelekea chaja ya simu.

"Unakwenda kwa nani, baba?" akaniuliza, uso mkavu kama hajawahi kuniona.

"Nakuja kwako, kichaa wewe."

"Mimi si mkazi wa hapa. Kasimame kule ng'ambo ya barabara."

Nikasimama ng'ambo na chaja yangu mkononi, na walinzi wenzake wakacheka mpaka wakashikana. Huyo ndiye Mayasa. Habari zake ni nyingi, lakini hii ya mwaka huu naona iandikwe, na hakuna mwingine wa kuiandika isipokuwa mimi Salum. Shule niliishia darasa la saba, ila msinidharau: nimetengeneza simu za maprofesa, na meseji zao nimezisoma.

Mayasa alizaliwa kwetu Handeni, Uziguani. Baba yake alipofariki, shangazi yake akamchukua kwenda kumlea Temeke, Dar es Salaam, meno ya mbele hayajarudi mdomoni. Akakulia kwenye Kiswahili cha Temeke, kile cha kujibu kabla hujaulizwa. Akaja Joburg akiwa msichana, akakutana na Damien, fundi cherehani kutoka Uvira, Mkongomani mpole anayeimba kwaya huku anapiga pasi. Wakapata binti mmoja, Murielle, wakakodi vyumba viwili vya uani kwenye nyumba moja kubwa kule Observatory, juu kilimani.

Mfuate Mayasa siku moja uone mdomo unavyofanya kazi. Getini anasema Kiingereza na wenye magari na Kizulu na wenzake. Jioni anasikiliza Kiswahili cha Damien chenye "batu" na "bintu". Kwangu mimi analeta kile cha Tanga, chenye adabu, akiwa na shida. Kizigua alikuwa nacho kwa mtu mmoja tu, mama yake, na hata hicho kilikuwa cha kusikia zaidi ya kusema. Mama anasema Kizigua kwenye simu, binti anajibu Kiswahili, mambo yanakwenda.

Mimi ninacho chote. Naota kwacho. Kuna wenzetu walioondoka wakati wa njaa enzi za mababu wakaishia Somalia, wakakaa huko zaidi ya miaka mia moja, na waliorudi Handeni walirudi na Kizigua chao mdomoni. Sisi tumekaa Joburg miaka ishirini na ushee, tumebaki na "eish" ya watu wa huku.

Sasa sikilizeni. Katika ukoo wetu, binti akiwa na mimba ya kwanza, tumbo lake husemwa. Maana yake anapelekwa mbele ya bibi zake waliotangulia, anatajwa. Unga unakorogwa kwenye maji baridi ndani ya bakuli. Mwanamume wa upande wa mama analishika bakuli, kazi ambayo mimi naifanya kuliko mtu yeyote upande huu wa mto Limpopo. Mama wa mwenye tumbo ndiye anayesema. Anawaita wanawake wa ukoo kwa majina, kuanzia aliye karibu kurudi nyuma, halafu anawaambia: huyu ni wenu, anakuja na mwingine wenu, mpokeeni. Watu wanaitikia kwa kupiga makofi polepole, maji yanamwagwa chini, kwisha. Hakuna kuku anayekimbizwa wala mtu anayeruka na mkia wa ng'ombe. Mliodhani hivyo mmekaa sana mbele ya televisheni.

Na msinitazame hivyo. Naswali. Tena Joburg ina neema moja ambayo masheikh hawaisemi: ukiwa hapa, Makka na Handeni ziko upande mmoja, kaskazini ukienda mashariki kidogo. Ukimaliza moja, unageuza bega tu.

Dada yangu Mwanaidi, mama wa Mayasa, alifariki masika iliyopita. Mayasa hakwenda kuzika. Karatasi zake za kukaa nchini zilikuwa ofisini zinasubiri muhuri, na angetoka asingerudishwa ndani. Alilia akiwa zamu, amevaa kofia, huku anawafungulia watu geti.

Alikuwa amezoea kwamba mambo ya bibi waliotangulia yanafanywa na mama yake. Murielle alipopata kazi kwenye kampuni ya kupokea simu za wateja, maana kazi nayo husemwa, bibi yake alimsemea kutoka Handeni kwa sauti ya WhatsApp. Tuliiweka simu juu ya stuli karibu na bakuli, yeye akasema kule, sisi tukapiga makofi huku Observatory. Mayasa kazi yake ilikuwa kukoroga unga.

Mwaka huu Murielle akashika mimba. Aliolewa mahakamani na kijana mmoja wa Kivenda, kabila la huku kusini, mpole, anayenikimbia kwa sababu nilimtania mara moja tu kuhusu mahari. Tumbo likaanza kumtangulia mlangoni. Na wa kulisema, kwa utaratibu wetu, alikuwa Mayasa.

Akanijia kwenye kibanda changu cha simu, uso umechangamka.

"Mjomba, nimepata njia. Ile sauti ya mama bado ninayo. Majina yote yamo. Tutaiweka juu ya stuli kama siku zote."

Niliona ni akili. Niliudhika kidogo kwamba haikuwa yangu. Tukaifungua, tukaisikiliza. Dada yangu alikuwa na sauti ya mtu mwenye kitu shavuni, na alipoanza kuwaita wale wanawake mmoja baada ya mwingine, wateja wangu wawili wakaacha kubishana bei. Halafu akasema kwa Kizigua maneno haya: ni mimi Mwanaidi ninayewaita, mimi ambaye bado naukanyaga udongo juu yenu.

Nikaizima.

"Mbona umezima?"

"Umesikia alichosema?"

"Kitu cha udongo."

Nikamweleza. Nikamwambia, "Mayasa, huwezi kumsimamisha leo aseme bado anaukanyaga. Na tena wa kwanza kuitwa sasa ni yeye. Ajiite mwenyewe?"

Akakaa kwenye kiti cha wateja. Akaiweka ile simu mapajani, akaifunika kwa kiganja kama anavyofunikwa mtoto uso wakati wa jua.

"Basi nifundishe," akasema. "Nitakariri."

Nikamfundisha. Akawa anafanya mazoezi getini, magari yakipungua, mpaka wenzake wakaanza kumwuliza amejiunga na kanisa gani. Maneno aliyashika, lakini yalimkaa kama viatu vya kuazima: anatembea, ila unamwona anavyotembea. Nikamwambia vizuri, sana, hata dada angefurahi. Mwalimu lazima atie moyo.

Jumapili moja baada ya chakula, kwao Observatory, tukamweleza Murielle. Alikuwa ameketi miguu juu ya kreti la soda, anajipepea. Yeye huniita Mkhulu, ambayo ni babu kwa Kizulu, na marehemu bibi yake humtaja kama Gogo, yaani bibi.

"Mkhulu, mama atakapokuwa anasema hayo, mimi nafanya nini?"

"Unasimama."

"Nasimama tu?"

"Unasimama vizuri, mke wangu. Hata bibi harusi anasimama tu, na watu wanamaliza wali."

Hakucheka. Murielle Kiswahili anakielewa chote, hata matusi yangu, ila kukisema kinamkwama kooni, kama watoto wengi waliozaliwa huku. Kwa hiyo alisema kwa Kiingereza, nami nawageuzia.

"Tumbo ni langu. Mtalizungumza kwa lugha ambayo siwezi hata kusema hapana. Na mama mwenyewe nusu ya anachosema hakijui. Nani hapo atakuwa anazungumza na Gogo?"

"Ndiyo lugha ya bibi yako," Mayasa akamjibu.

"Bibi alikuwa anajua Kiswahili pia. Kila Jumapili ulinipa simu. Shikamoo, bibi. Marahaba, mjukuu wangu. Halafu ananiuliza mambo, naelewa, nashindwa kumjibu. Nasema ndiyo, bibi. Ndiyo, bibi. Aliniuliza kama napenda mvua, nikasema ndiyo. Sipendi mvua, mama. Halafu tunanyamaza, namsikia anapumua, naye ananisikia napumua, nakurudishia simu. Maisha yangu yote hivyo. Sasa amekufa, bado mnataka nisimame nipumue?"

Damien alikuwa anakwangua sufuria. Akaacha.

"Unataka nini, mutoto yangu?" akamwuliza.

"Nataka kusema mwenyewe. Kwa Kizulu."

"Kwa nini si Kiingereza?" nikauliza mimi, ambaye Kiingereza changu kinajulikana.

"Kiingereza ni cha kazini, Mkhulu. Nakitumia kuwaomba radhi watu ambao kadi zao za benki zimekwama. Kwa Kizulu najua mtu anavyozungumza na bibi yake aliyekufa. Nimekwenda kwa rafiki zangu, nimewaona. Anapiga magoti, anamwambia Gogo, mimi ni fulani, nimekuja, nina hili. Hayo maneno ninayo."

Mayasa akasimama. "Kizulu hakiingii kwenye bakuli la mama yangu."

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini."

Mimi nilikuwa najua, Damien alikuwa hajui. Ilikuwa mwaka ule wa fujo za kuwasaka wageni, elfu mbili na nane. Mayasa alikuwa kwenye kituo cha teksi amemshika mkono Murielle, wakati huo mtoto wa chekechea. Wanaume wakamzingira, mmoja akashika kiwiko chake mwenyewe akamwuliza: hiki kinaitwaje kwa Kizulu? Asiyejua alipigwa, na kuna waliofanyiwa mabaya zaidi. Mayasa Kizulu alikuwa nacho, lakini cha sokoni, cha nyanya na nauli. Nani anayenunua kiwiko?

Akaisimulia pale, amesimama, kwa mara ya kwanza mbele ya mume wake. "Ulimi ulinikauka," akasema. "Lugha waliyotaka kuniulia, leo niibebe nimpelekee mama?"

Murielle akashusha miguu kutoka kwenye kreti.

"Na ulipokauka ulimi, mama, nani alijibu?"

Mayasa akavuta sahani iliyokuwa karibu.

"Nani alijibu?"

"Wewe."

"Nilijibu mimi. Wakatuacha tukapita. Wewe unamkumbuka yule mtu. Mimi nakumbuka mkono wako ulivyonibana vidole, na mimi neno nalijua."

"Mungu wangu," Damien akasema. "Mulinificha hii miaka yote?" Akarudi kukwangua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata.

Mayasa akakusanya sahani, akatoka kwenda kuziosha bombani uani. Nikamfuata nimeshika kijiko kimoja, nionekane nasaidia.

"Mjomba," akasema bila kugeuka, "mama ataelewa?"

Mimi huwa nina jibu kabla swali halijafika. Safari hii nilianza kufikiri kwa sauti, jambo la hatari. Nikamwambia: msikitini nasoma Kiarabu ambacho maana yake naijua kidogo kidogo tu, na sina wasiwasi, kwa sababu Mungu hana kwao. Ndimi zote kaumba Yeye. Lakini dada yangu hakuumba ulimi hata mmoja. Alikuwa mpika vitumbua. Alikuwa na kwao, na majirani, na lugha mbili, na hasira. Mtu wa hivyo akifa, anafundishwa Kizulu na nani? Au ndiyo kwamba ukishatoka mwilini kila kinachosemwa na wa kwako kinakufikia, kama vile mama anavyojua kilio cha mtoto wake ni cha njaa au cha usingizi? Sijui. Wanaojua wamekufa, na hawajatuma meseji.

"Kwa hiyo hujui," Mayasa akasema.

"Sijui. Ila najua jambo moja: wewe ukisema Kizigua nilichokufundisha, dada ataelewa, na atajua si wewe unayesema. Ni mimi."

Hapo akageuka, mikono imejaa povu. Akanitazama sana. Halafu akaanza kusema taratibu, kama anayejisomea.

"Getini, mjomba, wanakuja watu hawajui Kiingereza, hawajui Kizulu, hawajui chochote. Mafundi wa Msumbiji, wazee wa Malawi. Siwafukuzi. Namwuliza jina lake na jina la anayemwendea. Hayo yakiwa sawa, napiga simu ndani, mwenye nyumba anaamua. Mimi siamui kama wataelewana. Hiyo si kazi yangu."

"Kazi yako ni jina."

"Kazi yangu ni jina." Akasuuza sahani moja, akaisuuza tena. "Mwambie Murielle asivae ile suruali iliyochanika magotini siku ya bakuli."

Tukafanya Jumamosi asubuhi, pale uani, jua limeshapanda juu ya kilima na wenye kanzu nyeupe wa makanisa ya huko juu wanaimba zao. Damien alikuwa jikoni na sombe yake, kisamvu cha mawese kinachofanya majirani waje kuazima chumvi. "Miye niko mukristo," alitangaza, "sitaingia mule. Mulango nimeacha wazi juu ya moshi itoke tu." Moshi haukuwepo. Nilimwona amezima redio.

Nikashika bakuli. Mayasa akasimama mbele yangu, Murielle kando yake amevaa gauni refu la buluu. Tukageukia upande wa nyumbani.

Jina la kwanza lilikuwa Mwanaidi. Mayasa akafungua mdomo, akaufunga. Nilidhani amesahau, nikataka kumsogezea neno, halafu nikaelewa. Nani kwetu anamwita mama yake mzazi kwa jina? Tangu azaliwe alikuwa hajalitamka. Kule kwenye mazoezi getini alikuwa analiruka, anaanzia kwa bibi, nami mwalimu hodari sikugundua.

"Mama," akasema. "Mwanaidi."

Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka. Baada ya hapo yakafuata mengine, mama wa Mwanaidi, na mama wa huyo, kurudi nyuma mpaka kwa yule tunayemjua kwa jina tu. Hayo aliyasema vizuri kuliko nilivyomfundisha. Jina ni jina, halihitaji shule. Tukapiga makofi, mimi kwa kugonga bakuli kwa kidole.

Kisha akaacha Kizigua.

"Mama, Kizigua changu unakijua. Mjomba amenikaririsha, naona hata wewe ungecheka. Nasema na wewe kama tulivyokuwa tunasema kwenye simu. Sikuja kukuzika. Unajua kilichonizuia, na kama hukijui, sasa nimekwambia. Huyu hapa ni Murielle, binti yangu, binti yako. Ana mtoto tumboni. Sitamsemea mimi. Ana maneno yake, na atayasema kwa lugha ya huku. Kuna siku lugha hiyo ilitutoa mahali pabaya, mimi na yeye. Sikukusimulia, nisikutie hofu. Ukiona huelewi, mama, msikilize tu. Ulikuwa unapenda kumsikiliza."

Akasogea pembeni. Nilisikia kijiko kikianguka jikoni.

Murielle akapiga magoti kwa shida, tumbo likamzuia, mama yake akamshika kiwiko akamshusha. "Gogo," akasema, na kwanza nikadhani ataishia hapo. Halafu yakaja. Kizulu changu ni kizuri, kila mtu anajua, lakini alikwenda mbio na mengine yalinipita. Alitaja jina lake. Alimtaja mume wake na mahali anakotoka. Kisha akaanza kujibu, swali baada ya swali, yale yote aliyoulizwa kwenye simu tangu akiwa mdogo: mvua, shule, kama anakula vizuri, kama baba yake anamdekeza, kama hapo anapoishi kuna miti. Alikuwa hajasahau hata moja. Alisema anaogopa kujifungua. Alisema hakumwambia mama yake kwamba anaogopa, kwa hiyo Gogo asimwambie.

Mayasa, ambaye Kizulu anakielewa kuliko mimi na Damien, akatazama ukuta kana kwamba hakusikia. Machozi yalikuwa yanadondoka kwenye kola ya gauni lake la kijani.

Unga ulikuwa umeshatuama chini ya bakuli, maji yamebaki meupe juu juu. Mikono yangu ilikuwa inaniuma, na mgongo, na Damien alichungulia mara mbili kwa sababu ya ule moshi wake. Murielle akainamisha kichwa kama mtu anayesubiri upande wa pili wa simu ujibu.

"Umemaliza, mama?" Mayasa akamwuliza.

"Bado," Murielle akasema. Kwa Kiswahili.

Mayasa akaingiza vidole kwenye bakuli, akakoroga upya mpaka maji yakawa mazito.

"Mjomba, mikono inakuuma?"

"Mimi? Mikono hii?"

"Basi shika vizuri." Akapiga magoti kando ya binti yake, begani kwake kabisa. "Endelea. Mwambie yote. Hana pa kwenda."